Kuunganisha Google Drive na tovuti ya WordPress, na akaunti iwe ya nani

Tovuti karibu zote ninazozihudumia hapa Moshi ni za WordPress, mfumo wa kutengenezea na kuendeshea tovuti: shule za bweni, SACCOS, hosteli ya watalii, parokia. Nyingi nilizikabidhiwa kutoka kwa mafundi wengine, na nyingi nilizikuta na bakapu, yaani nakala za akiba, zimekaa ndani ya seva ileile inayobeba tovuti. Bakapu ya namna hiyo haimsaidii mtu. Seva ikiharibika, au malipo ya mwaka yakipitiliza na kampuni ikafuta kila kitu, tovuti na nakala yake vinazama pamoja. Nakala lazima ikae kwingine. Kwa taasisi ndogo isiyo na fungu la teknolojia, Google Drive ndiyo njia ninayoishauri: unapata gigabaiti 15 bure, na plagini (programu ya nyongeza ya WordPress) iitwayo UpdraftPlus, nayo ya bure, inapeleka nakala huko yenyewe kwa ratiba utakayoiweka.

Kuunganisha ni kazi ndogo, na vitufe vyote nitavitaja. Lakini kabla ya kugusa kitufe chochote kuna swali ambalo mafundi wengi hulipita, na mimi nalitanguliza kwa kila mteja: akaunti ya Google itakayopokea nakala ni ya nani?

Akaunti isiwe ya fundi

Mkuu wa shule moja ya wasichana alinipigia mwezi Januari, wakati wazazi wanatafuta fomu za kujiunga na tovuti haifunguki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Yule kijana aliyetutengenezea alituhakikishia bakapu zipo."

Zilikuwepo kweli, kwenye Gmail yake binafsi. Alikuwa ameshapata kazi mkoa mwingine, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo: alipokea simu, akaingia Drive yake, akatafuta. Nakala ya mwisho aliyoipata ilikuwa ya mwaka juzi. Picha za simu yake zilikuwa zimejaza nafasi yote, kwa hiyo nakala mpya za shule zikawa zinagonga mlango na kurudi. Google ilikuwa ikituma maonyo kila mara, lakini yalikuwa yanamfikia yeye, shuleni hayafiki. Matangazo, picha za mahafali na kurasa za walimu wapya vya kipindi chote hicho havikupatikana tena.

Kwa hiyo fungua Gmail mpya kwa jina la taasisi, na isitumike kwa kazi nyingine yoyote. Isiwe ile ya ofisi inayopokea barua za wazazi, kwa sababu zile gigabaiti 15 zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Google Photos, na tangu Juni 2021 picha zinazopandishwa Google Photos nazo zinahesabiwa. Akaunti ya bakapu peke yake haijai haraka. Chukua tovuti ya shule ambayo nakala yake nzima ina megabaiti 700: ukitunza nakala nne hujafika hata gigabaiti 3.

Namba ya simu ya kurejeshea akaunti iwe laini ya taasisi, tena laini inayotumika kila siku. Laini ikikaa kabatini muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba hupewa mtu mwingine kabisa. Siku ukisahau pasiwedi, ujumbe wa Google utaenda kwa mtu huyo. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha uchukue zile namba kumi za siri za akiba (backup codes) ambazo Google inatoa, kila moja ni ya kutumika mara moja tu. Zichapishe kwenye karatasi, zifungiwe pamoja na hati za taasisi. Usizitume kwenye kundi la WhatsApp la uongozi, hata ukiombwa kwa upole.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: akaunti ya Google isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Mpe mtu mmoja ofisini, labda mhasibu au mtunza kumbukumbu, jukumu la kuingia kwenye akaunti hiyo kila mwanzo wa muhula, aangalie folda, atoke.

Maandalizi

Tumia kompyuta. Simu inaweza, ila madirisha yanayofunguka na kufungwa katikati ya kazi hii yanachanganya kwenye kioo kidogo.

Kisha fungua dirisha la faragha (incognito) kwenye kivinjari chako, na humo ingia sehemu mbili tu: dashibodi ya WordPress, yaani ukurasa wa kuendeshea tovuti, ukiwa msimamizi, na ile Gmail mpya ya taasisi. Sisi mafundi vivinjari vyetu huwa vimeingia akaunti nne, tano za Google kwa wakati mmoja. Ukifika mahali pa kuchagua akaunti, kidole kinaenda kwenye ya juu kwa mazoea, na ya juu ni yako. Tovuti itaungana vizuri, ujumbe wa mafanikio utatokea, na nakala za watu zitaanza kumiminika kwenye Drive yako bila wewe kujua. Dirisha la faragha linaondoa hatari hiyo kabisa kwa sababu akaunti inayoonekana humo ni moja.

Kuweka plagini hakuna ugumu. Kwenye menyu ya kushoto fungua Plugins, chagua kuongeza mpya, andika UpdraftPlus kwenye sehemu ya kutafutia, isakinishe, kisha uiwashe.

Ratiba na kuchagua Drive

Fungua ukurasa wa UpdraftPlus, nenda kwenye kichupo cha "Settings". Juu kabisa kuna ratiba mbili, moja ya mafaili na moja ya hifadhidata, na ziko mbalimbali kwa sababu. Mafaili ni picha, mandhari (themes, yaani sura ya tovuti) na plagini: ni mazito na hayabadiliki sana. Hifadhidata ni maandishi yote ya tovuti, watumiaji, na mara nyingi majibu ya fomu: ni nyepesi na hubadilika kila mtu anapoandika kitu. Kwa tovuti ya shule naweka mafaili kila wiki na hifadhidata kila siku. Duka la mtandaoni lenye oda kila saa linahitaji hifadhidata mara nyingi zaidi ya hapo.

Pembeni ya kila ratiba kuna namba ya nakala za kutunza. Inakuja ikiwa 2. Iongeze. Tovuti ikivamiwa na wadukuzi, mara nyingi mwenyewe anagundua baada ya siku kadhaa, na kama unatunza nakala mbili tu za kila siku, zote mbili zitakuwa zimebeba uchafu. Mimi naweka 4 kwa mafaili na 14 kwa hifadhidata.

Chini ya ratiba kuna alama za sehemu za kuhifadhi: Dropbox, Google Drive, Amazon S3 na nyinginezo. Bofya Google Drive. Sasa shuka hadi mwisho wa ukurasa ubofye "Save Changes". Hapa ndipo watu wengi wanapokwama: wanabofya alama ya Drive, inabadilika rangi, wanadhani kazi imeisha. Bila kuhifadhi mipangilio, lile dirisha la kuomba ruhusa halitokei na hakuna kilichounganishwa.

Ukihifadhi, linatokea dirisha dogo lenye linki ya kwenda Google. Ibofye, chagua akaunti ya taasisi, na ufike kwenye ukurasa wa ruhusa.

Soma ukurasa wa ruhusa

Hapa tulia kidogo. Ukurasa huu ni wa Google, na pasiwedi yako inabaki Google. UpdraftPlus haiioni wala haiihifadhi. Inachopewa ni tokeni, yaani kibali cha kidijitali, kwa utaratibu uitwao OAuth 2.0 ambao ulichapishwa kama kiwango rasmi cha intaneti mwaka 2012. Tokeni ziko mbili. Moja ni ya muda mfupi, kwa kawaida saa 1, ambayo plagini inaitumia kupandisha mafaili. Nyingine ni ya muda mrefu, na kazi yake ni kuomba ile fupi upya kila inapoisha. Ndiyo maana nakala inaweza kwenda saa tisa usiku bila mtu yeyote kuingiza pasiwedi.

Ni kama kumpa mchukuzi kibali cha kuingia ghalani huku funguo za nyumba ukibaki nazo mwenyewe. Ila kibali nacho kina upana wake. Google ina ruhusa za aina mbalimbali: ipo inayofungulia programu Drive yako nzima, na ipo inayohusu mafaili ambayo programu hiyo imeyatengeneza yenyewe, basi. Maneno ya ruhusa yameandikwa palepale kwenye ukurasa. Yasome kila unapounganisha programu yoyote na Drive, si hii tu. Kwa upande wetu hofu ni ndogo kwa sababu akaunti hii haina kitu kingine ndani yake: hakuna mishahara, hakuna barua za bodi, hakuna picha za mtu. Faida hiyo umeipata ulipofungua akaunti peke yake.

Kama kuna kisanduku cha kutia tiki mbele ya ruhusa ya Drive, kitie. Ukikiacha wazi, Google itaendelea mbele kana kwamba mambo ni sawa, halafu plagini itashindwa kuandika chochote.

Ukikubali utapelekwa kwenye ukurasa wa UpdraftPlus wenyewe, na humo kuna kitufe cha "Complete setup". Usifunge dirisha kabla ya kukibofya. Nimeombwa msaada mara nyingi na watu waliofunga hapo wakiamini wamemaliza. Kitufe hicho ndicho kinachorudisha tokeni kwenye tovuti yako. Ukishakibofya utarudi kwenye dashibodi na kuona ujumbe kwamba Google Drive imeunganishwa, pamoja na jina la akaunti na kiasi cha nafasi iliyotumika. Angalia jina hilo kwa makini. Likiwa lako badala ya la taasisi, rudia kuanzia mwanzo sasa hivi.

Nakala ya kwanza

Rudi kichupo cha kwanza, bofya "Backup Now". Kwenye dirisha litakalofunguka, hakikisha kuna tiki ya hifadhidata, ya mafaili, na ya kupeleka nakala kwenye hifadhi ya mbali. Anzisha.

Mteja akikaa pembeni yangu, swali linalofuata ni kila mara lilelile: bando litakwenda kiasi gani? Haligusiki. Mafaili yanatoka kwenye seva ya kampuni inayobeba tovuti na kwenda moja kwa moja kwenye seva za Google. Kompyuta yako inaonyesha tu mstari unavyosogea. Hata umeme ukikatika ukiwa katikati, kazi inaendelea kule, na ikikwama plagini hujaribu tena baada ya dakika chache kuanzia ilipoishia.

Ikimaliza, fungua Drive ya taasisi. Utakuta folda iitwayo UpdraftPlus. Toleo la bure halikuruhusu kubadilisha jina la folda hiyo, na ndiyo maana sipendi kuunganisha tovuti tatu kwenye akaunti moja: zote zinamwaga humo humo. Ndani yake kuna mafaili yenye majina marefu yanayoanza na neno backup, ikifuata tarehe na saa, jina la tovuti, kisha herufi na namba zisizo na maana kwako. Tazama mwisho wa kila jina. Linaloishia na db.gz ni hifadhidata. Mengine ni plugins.zip, themes.zip, uploads.zip na others.zip. La uploads ndilo zito kuliko yote kwa sababu ndimo picha zilimo, na likiwa kubwa sana hukatwa vipande vya megabaiti 400 hivi. Usibadilishe majina haya hata kama yanakukera, kwa kuwa plagini inayatambua kwa majina hayohayo.

Kama db.gz ina kilobaiti chache sana wakati tovuti ina kurasa mamia, kuna tatizo. Fungua kumbukumbu ya kazi (log) kwenye dashibodi usome ilipokwama.

Ratiba isiyotimia

Jambo hili linazisumbua hasa tovuti zenye wageni wachache. Ratiba ya WordPress haina saa yake. Inaamka pale mtu anapofungua tovuti, inaangalia kama kuna kazi iliyofikia wakati, inaifanya. Parokia ambayo tovuti yake inafunguliwa Jumapili tu inaweza kukaa wiki nzima bila nakala hata kama umeweka "kila siku". Dawa ni kutumia ratiba ya seva yenyewe. Kwenye cPanel, ukurasa wa kuendeshea seva unaopewa na kampuni inayobeba tovuti, fungua Cron Jobs, weka kila baada ya dakika 30, na amri hii ukibadilisha anwani:

wget -q -O /dev/null https://tovutiyako/wp-cron.php?doing_wp_cron

Kisha kwenye faili la wp-config.php ongeza mstari huu, juu ya ule unaosema usihariri zaidi ya hapo:

define('DISABLE_WP_CRON', true);

Jaribu kurejesha

Fanya jaribio hili siku hiyohiyo, kabla hujaondoka ofisini. Kwenye orodha ya nakala zilizopo bofya "Restore", chagua themes peke yake, uache hifadhidata na vingine vyote. Plagini itachukua faili kutoka Drive, itaweka mandhari upya, na ya zamani itayasogeza pembeni kwenye folda yenye neno old. Tovuti ikifunguka kama kawaida, bofya kitufe cha kufuta folda hizo za zamani. Umethibitisha kwamba njia ya kurudi inapitika, kwa sehemu isiyo na hatari kubwa.

Urejeshaji mkubwa, ule wa seva kufa kabisa, unaanzia mbali zaidi, kwa sababu toleo la bure halibebi WordPress yenyewe. Linabeba vilivyo vyako. Unasakinisha WordPress mpya kwenye seva mpya, unaweka UpdraftPlus, unaiunganisha na akaunti ileile ya Google kwa hatua hizi hizi, halafu unabofya "Rescan remote storage". Nakala zote za zamani zinajitokeza kwenye orodha na unarejesha. Lakini tazama kinachohitajika hapo: pasiwedi ya akaunti, na simu ya kupokea ujumbe wa uthibitisho. Kama vyote viko kwa kijana aliyehamia mkoa mwingine, nakala zipo na huzifikii.

Muunganiko ukikatika

Kwenye mipangilio weka tiki ya kutumiwa ripoti kwa barua pepe, na anwani ya msimamizi wa tovuti iwe ya ofisi. Ripoti zikikoma au zikaleta makosa, mara nyingi chanzo ni kati ya haya. Ukiona neno invalid_grant kwenye kumbukumbu, tokeni imekufa: labda mtu ameondoa ruhusa kwenye ukurasa wa usalama wa Google, au tovuti ilisimama muda mrefu na tokeni haikutumika kwa miezi 6. Rudi kwenye mipangilio, bofya linki ya kuomba ruhusa upya, basi. Nafasi ikijaa, ukifuta mafaili kwa mkono kumbuka yanakwenda kwenye pipa la taka la Drive na yanaendelea kuhesabiwa hadi ulimwage au siku 30 zipite. Na kama unatumia akaunti ya Google Workspace (huduma ya Google kwa taasisi) ya shule badala ya Gmail ya kawaida, msimamizi wake anaweza kuwa amezuia programu za nje. Mwombe airuhusu hii.

Usishirikishe folda ya bakapu kwa linki ya "yeyote mwenye linki". Hifadhidata ina majina, barua pepe na namba za simu za wazazi waliojaza fomu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na taasisi inaweza kuulizwa.

Fundi anapoondoka, fanyeni mambo matatu siku anayokabidhi: badilisheni pasiwedi ya akaunti ya Google, ondoeni jina lake kwenye wasimamizi wa WordPress, na mfungue ukurasa wa usalama wa Google muone orodha ya programu zenye ruhusa na vifaa vilivyoingia. UpdraftPlus ibaki. Simu yake na kompyuta yake vitoke. Kubadilisha pasiwedi hakupaswi kukatisha nakala, ila usikisie: bofya "Backup Now" baada ya hapo, uone faili jipya limefika kwenye folda lenye tarehe ya siku hiyo.